Nilivyotatua antibodi ya misuli iliyokuwa haionyeshi kitu

Wadau, hii imenitesa wiki tatu hapa Bagamoyo. Nina antibodi (protini inayonasa kitu kimoja maalumu) ya mAb 35, inayoshika sehemu ya alfa ya risepta za asetilikolini kwenye misuli (protini zinazopokea ishara ya neva), nikawa napiga westani bloti (unatenganisha protini kwenye jeli halafu unazitafuta kwa antibodi, zikionekana kama bendi) kila siku natoa kitu cheupe pee, hata kivuli cha bendi hakuna. Nikabadili bafa, nikaongeza dozi, wapi! Kumbe kosa ni kuchemsha sampuli. mAb 35 inaitambua risepta ikiwa bado imejikunja umbo lake la asili, ukishaichemsha na SDS (sabuni kali ya maabara) protini inafumuka na pale pa kushika panapotea.

Nikaachana na bloti, nikakata misuli ya panya iliyogandishwa, vipande vyembamba mno, nikaweka mAb 35 halafu antibodi ya pili inayong'aa kijani, inayoishika ile ya kwanza (mAb 35 imetoka kwa panya mkubwa wa maabara, siyo yule mdogo, chunga sana hapo unapochagua ya pili) pamoja na alfa-bangarotoksini nyekundu, ile sumu ya nyoka inayoshika risepta hiyohiyo, ila yenyewe na mAb 35 hazigombanii nafasi. Jioni kwenye hadubini vidoa vya kijani vimelalia vyekundu sawasawa, palepale neva inapogusana na msuli, jamani nilishangilia peke yangu!