"Dada nikopie tu kama hii"

Tangazo la ajira likitoka huwa silioni mtandaoni kwanza, naliona kwa foleni. Asubuhi nafungua steshenari nakuta watu washakaa kwenye benchi na bahasha zao za kaki, mwingine fleshi kaining'iniza shingoni, mwingine simu imebaki chaji kidogo anataka nimtolee kitu WhatsApp haraka kabla haijazima. Tupo huku njia ya kwenda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwaiyo kama sio wanafunzi ni wahitimu, na kama sio wahitimu ni watu wametoka mikoani wamekuja kwenye usaili wamegundua usiku wa manane kuna karatasi inapungua. Na karibia wote, yaani karibia wote, wanakuja na sentensi moja: "Dada, nikopie tu kama hii."

Hiyo "hii" ni CV ya mtu mwingine. Ya kaka yake, ya rumeti wake, ya jamaa aliyepata kazi halmashauri mwaka juzi, na imani iliyopo ni kwamba kama yule alipata basi karatasi yake ina baraka. Kazi yangu inakua ni kubadilisha jina, tarehe ya kuzaliwa, shule na chuo, alafu naprinti. Vingine vyote vinabaki vilivyokua. Ndo maana nikiona watu wanashauriana oh usikosee spelling oh usitumie imeili ya ajabu nasema sawa, ni kweli, lakini hayo madogo. Kosa lenyewe ni kwamba CV sio yake.

Ngoja nitoe mfano wa wiki hii. Kaja kijana ana diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, mpole, ana haraka maana tangazo lilikua linafungwa usiku ule. Nikafungua faili lake kwenye kompyuta, nikapita mpaka sehemu ya ujuzi, nikasimama.

"Kaka, hii AutoCAD unaijua?"

"Hapana dada."

"Sasa imefikaje huku?"

"Ilikuepo kwa jamaa yangu. Nikaona niiache tu, inaongeza uzito."

AutoCAD ni programu ya kuchorea ramani za majengo, na jamaa yake ni fundi sanifu wa ujenzi! Nikashuka kwenye uzoefu, nikakuta mistari mirefu ya majukumu, ukiisoma unajua kabisa imetolewa kwenye tangazo la kazi lenyewe, mpaka ule wa mwisho unaosema kufanya kazi nyingine kama atakavyopangiwa na msimamizi wake. Yaani mwajiri anaandika tangazo, anarudishiwa tangazo lake mwenyewe likiwa na jina la mtu juu. Sasa atakuchagua kwa kipi na wenzako wote wamerudisha hilohilo.

Nikamuuliza fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, ulifanyia wapi. Akasema masjala, ile ofisi ya kutunzia mafaili, halmashauri fulani. Ulikua unafanya nini? "Aah dada, vitu vya kawaida tu, kupanga mafaili." Mafaili gani? Hapo ndo akaanza kuongea taratibu, kumbe masjala ile mafaili ya walimu yalikua yamechanganyika, mwalimu mmoja unakuta ana faili mbili, moja la jina la kabla ya kuolewa na lingine la jina la mume, barua za kupanda daraja ziko huku, za likizo ziko kule, mengine folio, yaani karatasi za ndani, hazijapigwa namba kabisa. Yeye na mwanafunzi mwenzie wakapewa kazi ya kupita kabati kwa kabati, wanaandika kila faili kwa cheki namba, ile namba ya mtumishi, kwenye Excel, zile zilizofunguliwa mara mbili wanazipeleka kwa mkuu wa masjala ziunganishwe. Anavyohadithia unaona kabisa huyu anaijua kazi, anajua cheki namba haibadiliki hata jina likibadilika ndo maana walitumia hiyo. Na kwenye CV yake hakuna hata neno moja la hayo.

Nikamwambia hiyo ndo tunaandika. Akanishangaa, "hiyo nayo inaandikwa?" Ndiyo mdogo wangu inaandikwa, nilipitia mafaili ya walimu nikayaorodhesha kwa cheki namba na kubaini yaliyofunguliwa mara mbili, mstari mmoja tu huo unawashinda AutoCAD na ndugu zake wote. Tukafuta ya jamaa, ikabaki kurasa mbili, akaenda.

Kuna kitu kingine kinanichekesha kwenye hizi za kukopi. Ukifika mwisho kabisa wa CV nyingi za kibongo unakuta tamko la Kiingereza kizito, kwamba mimi niliyesaini hapa chini nathibitisha kwamba kwa kadiri ya ufahamu na imani yangu CV hii inanieleza mimi kwa usahihi, sifa zangu na uzoefu wangu, alafu sahihi na tarehe. Maneno ya namna hiyohiyo yapo kwenye fomu za CV za wataalamu washauri wanaoomba kazi kwenye miradi ya Benki ya Dunia, na nahisi huko ndo yalikotokea yakasambaa fleshi kwa fleshi. Kule yana maana, mtaalamu anasaini anajifunga. Huku mtu ananakili CV ya mwenzie yote mpaka ujuzi, alafu anasaini chini kwamba inamueleza yeye kwa usahihi. Mimi nikiulizwa nasema litoe, hakuna aliyekuomba, ila kama unalipenda sana basi walau hayo ya juu yawe yako.

Majina sasa. Hapa ndo watu wanalia kweli, nimeona kwa macho mtu mzima anafuta machozi kwenye benchi langu. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mariamu, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Mariam, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo kwingine kote halipo, na CV ameandika jina analotumia Instagram. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili ya Sekretarieti ya Ajira, wale wanaoajiri kwa niaba ya serikali, huwa yanasema wazi, wenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka zao waje na hati ya kisheria ya kubadili jina, ile tunaiita dipoli. Sasa watu wanasoma tarehe na ukumbi tu, masharti hawashuki nayo. Na kule kule imeandikwa matokeo ya muda na zile karatasi za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, wanataka vyeti, lakini kila msimu lazima aje mtu na karatasi yake ya matokeo kaipiga laminesheni kabisa eti isichakae. Kwaiyo kabla hujaandika jina juu ya CV toa vyeti vyote vitandaze mezani, soma herufi kwa herufi, jina la kwenye CV liwe hilo la kwenye vyeti na kwa mpangilio huohuo. Kama kuna tofauti anza kushughulikia sasa hivi sio ukiitwa.

Na tarehe pia. Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, unajaza taarifa zako mwenyewe, shule, chuo, kazi, alafu bado unapandisha CV, sasa kama kwenye mfumo umesema fildi iliisha mwezi wa tisa na kwenye CV iliisha wa kumi na moja, msomaji hajui aamini ipi. Mara nyingi sio uongo hata, ni vile mfumo alijaza yeye na CV nilitype mimi kwa kukadiria.

Kuhusu uongo wenyewe sitaki kuongea sana maana hapa Dodoma tunakumbuka. Tarehe 28 Aprili 2017, hapo UDOM tu, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti na watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Watu wenye kazi zao, wengine wako kazini miaka. Kwaiyo mtu akinikonyeza dada tuongeze kamwaka kamoja kwenye uzoefu, namwambia kaongezee nyumbani kwako sio kwenye kompyuta yangu.

Wadhamini ni kichekesho kingine. Wale watu watatu wa mwisho wa ukurasa. Kwanza hawajui kama wamewekwa, mhadhiri anapigiwa simu anaulizwa habari za fulani anasema fulani yupi? Anafundisha mamia ya watu, atamkumbukaje wa kiti cha nyuma miaka mitatu baadae. Pili wanawekwa baba na shangazi. Tatu, na hii ilinitokea nikanyamaza kidogo, kaja dada na CV ya kurithi, wadhamini wameachwa walewale wa mwenye nayo, nikamuuliza huyu mzee mbona nasikia alishafariki? Hakua anamjua kabisa! Mpigie mtu simu kwanza, mwambie naomba kazi fulani nimekuweka, mtumie na CV yako aisome. Dakika tano tu, na wengi wanafurahi kuulizwa.

Ila wenye shida sio vijana peke yao. Kulikua na mama mmoja muuguzi, mtu mzima, nimemsalimia shikamoo akaniitikia marahaba mwanangu, anataka kuomba hospitali binafsi. CV yake ndefu balaa, imeanza na shule ya msingi, ikaja sekondari, ikaja semina, semina, semina, mpaka zile za siku moja, na kazi anayofanya sasa hivi ya kusimamia wodi ya wazazi iko ukurasa wa nne kule. Nikamwambia mama, huyu anayesoma ana rundo mezani, akifika semina ya tatu kashachoka, tuanze na wodi. Akagoma. Alinambia vile vyeti vya semina amevitolea jasho. Nikamwelewa, tukakubaliana wodi iende juu, kazi za karibuni zianze, semina zinazohusu uzazi zibaki na zingine tuziache kwenye faili lake la nyumbani. Shule ya msingi ilibaki, hapo nilishindwa.

Siku hizi kuna ugonjwa mpya pia, au niseme ni uleule umevaa suti. Watu wanaiambia ChatGPT iwaandikie. Inatoka safi, haina kosa hata moja, na haina mtu ndani. Muuza duka la vifaa vya ujenzi anaitwa mtaalamu mwenye mtazamo wa kimkakati anayejali matokeo. Kaka si useme tu ulikua unahesabu stoku kila jumamosi na unajua mteja akitaja ukubwa wa chumba anahitaji mifuko mingapi ya simenti? Itumie kurekebisha Kiingereza, sikatai, mimi mwenyewe naitumia, lakini iambie kwanza ulichofanya. Na kwenye barua ya maombi ya serikali Kiswahili kinaruhusiwa, matangazo yao yanasema Kiswahili au Kiingereza, lakini watu wanajitesa na Kiingereza cha kukopi mpaka barua inaenda kwa bwana mkubwa wa kampuni nyingine.

Urembo je? Zile templeti za kupakua zenye rangi pembeni, picha ya duara na vimistari vya kuonyesha Kiswahili asilimia mia Excel asilimia themanini. Themanini ya nini? Nani alipima? Kampuni kubwa zingine zinapitisha maombi kwenye programu ya kuchuja kabla mtu hajasoma, na hizo programu mara nyingi zinachanganyikiwa na safu mbili au maandishi yaliyo ndani ya picha. Kwa printa yetu ndo kabisa, wino ukipungua ile rangi ya bluu inageuka tope. Dini na hali ya ndoa mimi natoa kama tangazo halijauliza. Hifadhi PDF, andika jina lako na kazi unayoomba kwenye jina la faili, sio CV MPYA MWISHO KABISA 2.

Na jamani, mkimaliza futeni mafaili yenu kwenye kompyuta za watu. Kwetu kulikua na folda nzima desktop, CV za watu na namba zao za simu na za NIDA, mteja akija hana mfano anachaguliwa mmoja humo kama kitambaa cha shati. Ndo AutoCAD inasafiri hivo. Nililifuta lote, bosi akanuna siku nzima.

Bosi nae ana hoja yake lakini. CV ya kukopi ni elfu tatu na inaisha chapchap, hii yangu ya kuhoji maswali mtu anakaa nusu saa kwa elfu tatu ileile na nyuma kuna watu wanataka fotokopi wananuna. Ameshanambia mara nyingi tu kwamba hii ni steshenari sio ofisi ya ushauri. Kwaiyo nikatafuta njia, nimetype karatasi moja ya maswali, ulifanya kazi au fildi wapi, ulikuta hali gani, ulifanya nini kwa mikono yako mwenyewe, nani alikuona unafanya na namba yake ni ipi, kitu gani wenzako walikua wanakuja kukuomba wewe. Mtu akikaa benchi nampa na kalamu, ajaze wakati anasubiri. Wengine wanajaza pande zote mbili wanaomba nyingine. Wengine wanaikunja wanaweka mfukoni wanaenda kujiandikia nyumbani bila kunilipa hata mia, na hilo bosi bado hajalijua.