Andika bei, kisha mwache mteja aushike mkoba

Nashona mikoba, pochi na mikanda ya ngozi kwa mkono, na sehemu kubwa ya kazi zangu naiuza kwenye masoko ya kazi za mikono. Wanaoanza biashara hii huniuliza wachukue meza ya upande gani, watandike kitambaa cha rangi gani, bango liwe kubwa kiasi gani. Mimi huwauliza kwanza: bei umeandika?

Andika bei kwenye kila kitu, kwa mwandiko unaosomeka mtu akiwa amesimama. Karatasi moja pembeni haitoshi. Watu wengi wanaona haya kuuliza, kwa sababu wakitajiwa bei iliyowazidi itabidi watafute maneno ya kuondokea, basi wanaona heri wapite tu. Wengine wanahofia utawapangia bei kwa kuangalia viatu walivyovaa. Bei iliyoandikwa inawaondolea wasiwasi wote, na wewe inakusimamisha imara. Mtu akisema "nipunguzie", unajibu kuhusu bei uliyoipanga nyumbani ukiwa umetulia.

Kuipanga ndiko kwenye kazi. Ngozi unainunua nzima, lakini huitumii nzima. Ya tumboni inavutika, ukiikatia mkanda utarefuka na kupinda. Mkanda unakatwa mgongoni. Kwa hiyo bei ya mkanda inabeba pia sehemu usiyoweza kuikatia mikanda. Ongeza uzi, nta, bizimu, nauli, ada ya meza, na saa zako, zikiwemo zile za kusimama sokoni kutwa. Saa ndizo watu huziacha nje ya hesabu, na inaniuma kuona fundi mzuri akiuza kazi ya siku mbili kwa bei ya malighafi. Kumbuka pia kwamba mwenye duka akipenda kazi yako, mara nyingi atataka kuichukua kwa karibu nusu ya bei ya rejareja. Kama bei yako haiwezi kustahimili hilo, utabaki kuuza mezani tu. Vile vipande vidogo vinavyobaki, fanya vishikio vya funguo. Yuko anayeipenda kazi yako ila hana fedha za mkoba leo. Mpe kitu cha kuondoka nacho.

Halafu nenda na kazi yako mezani. Mimi nashonea palepale, uzi mmoja, sindano mbili, na msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, pembeni. Watu wakiona mikono inafanya kazi wanasimama, na hapo hata maneno mengi hayahitajiki. Nawaonyesha kwamba kila tundu linapitiwa na uzi mara mbili, mara moja kutoka kila upande, hivyo upande mmoja ukikatika wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi; ukikatika mmoja, mshono huanza kufumuka. Nikishasema hivyo nampa mtu mkoba aushike, auvute, atie mkono ndani. Baada ya hapo nanyamaza na kurudi kwenye mshono wangu. Mteja anayesemeshwa mfululizo hapati nafasi ya kuamua, na muuzaji aliyeinamia simu hamwoni akiamua.

Panga vitu kwa ngazi. Meza peke yake iko chini; mkoba uliolazwa hauonekani ulivyo. Tundika mikoba kwenye kimo cha kifua na macho, pochi ndizo zibaki mezani. Kama ngozi yako ni ya rangi ya asili, isiyotiwa rangi, zungusha bidhaa kila baada ya muda, kwa sababu jua linaikoleza, na pale mkanda ulipoifunika panabaki alama nyeupe. Turubai lako lifunge uzito kila mguu, hata kama asubuhi hakuna upepo. Chenji beba ya kutosha, na malipo ya simu yajaribu kabla watu hawajafika.

Saa ya mwisho kuna kishawishi cha kushusha bei ili usirudi na mzigo. Usishushe. Aliyenunua asubuhi kwa bei kamili bado anazunguka hapohapo, na wengine watajifunza kukusubiri jioni. Jirani yako naye anayeuza ngozi utakuwa umemharibia.

Nina daftari ambamo naandika vilivyouzwa, lakini zaidi naandika vilivyoshikwa mara nyingi vikarudishwa. Hivyo navichukua nyumbani navikagua mwenyewe: nafunga na kufungua, navaa, najaza vitu ndani. Mara nyingi naona ni kifungo kigumu, au mkanda wa bega mfupi kwa mtu mrefu, vitu vya kurekebishwa kabla ya soko linalofuata.