Jinsi nilivyolizuia jua la alasiri dirishani

Chumba chetu hapa Tabata, Dar es Salaam, kinatazama magharibi. Kuanzia Desemba hadi Machi jua la alasiri hupiga kioo moja kwa moja, kiyoyozi kinanguruma mpaka usiku, na yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinakwisha upesi. Pazia pekee halitoshi, kwa sababu jua likishavuka kioo, joto limeshaingia ndani.

Nilikata boksi la friji kwa kipimo cha dirisha, nikabandika foili ya jikoni upande wa kioo, ile sehemu inayong'aa ikitazama nje. Upande wa chumbani nikalivisha kitenge; nyumba ni ya kuishi, si stoo. Juu niliacha upenyo kidogo ili joto la kwenye kioo lipate pa kutokea. Jioni nalitoa na kufungua madirisha, maana kwa unyevu wa Dar boksi likikaa siku nzima huota ukungu.

Kisha nikaning'iniza mkeka wa ukindu nje, na kwangu huu ndio muhimu zaidi: unalikata jua kabla halijagusa kioo. Sasa kiyoyozi nakiweka nyuzi 26, na watoto wakishalala nakizima, feni inatosha.