RAM ya mashine pepe hupimwa kwa kompyuta iliyo dhaifu kuliko zote maabarani

Maabara nyingi za vyuo hapa Uganda zina mchanganyiko wa mashine: kompyuta kadhaa za mtumba zenye GB 4 za DDR3, nyingine za GB 8, na moja au mbili za GB 16 ambazo aghalabu hukaa mezani kwa mwalimu. Imeji ya mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine) hutengenezwa kwenye hiyo ya GB 16, ikapewa RAM ya GB 6, ikahifadhiwa kama OVA, faili moja lenye mashine pepe nzima, kisha ikagawiwa kwa flashi. Faili hilo limebeba kiasi cha RAM ndani yake. Kila kompyuta inayolipokea inaambiwa itoe GB 6, hata ile yenye GB 4 tu.

Basi anza na kompyuta iliyo dhaifu kuliko zote. Iwashe, iache dakika 15 hivi mpaka Windows imalize masasisho na antivairasi itulie, fungua kivinjari chenye tabo mbili tatu kama wanafunzi wanavyofanya, halafu bonyeza Ctrl+Shift+Esc uone RAM iliyobaki. Windows 10 kwenye GB 8 mara nyingi hukuachia GB 4 hivi. Toa tena nusu GB, kwa sababu mashine pepe hula zaidi kidogo ya ulichoipa: RAM ya skrini inahesabiwa kando, na VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe, nayo ina matumizi yake. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, yenye eneo-kazi (desktop) kamili, ambayo watengenezaji wake walipendekeza GB 4 kwa toleo la 24.04, hapo haitakaa vizuri. Xubuntu, au Debian yenye eneo-kazi jepesi la XFCE, hutosheka na GB 2. Kwa kompyuta za GB 4, weka Debian isiyo na eneo-kazi, uipe GB 1, na mwanafunzi aingie kwa SSH, yaani kwa kuandika amri kupitia mtandao. Somo la mitandao au la amri za Linux halipungukiwi na chochote kwa kukosa madirisha.

Kosa linalowachanganya wengi ni kuamini kile wanachokiona dakika ya kwanza. Mashine pepe yenye GB 4 ikiwaka, Windows inaonyesha imechukua kidogo tu, na kila mtu anafurahi. Lakini Linux iliyo ndani huhifadhi kwenye RAM kila faili inayosomwa, ili ikihitajika tena ipatikane upesi. Saa moja baadaye GB zote 4 zimeguswa. Kompyuta mwenyeji (ile halisi) haijui kwamba nyingi kati ya hizo ni nakala za kutupwa, kwa hiyo hairudishiwi kitu. Ndani, `free -h` itakuambia nafasi ipo tele kwenye safu ya available; nje, Windows inahamishia kurasa zake (vipande vya RAM) kwenye diski, na kama diski ni ya kuzunguka, kipanya kinaanza kuganda. Piga hesabu kwa kiasi chote ulichoiandikia mashine pepe. Zoezi la seva na mteja kwa pamoja ni GB 1 na GB 1, na hizo mbili zimekwenda tayari.

Kiasi kiwekwe wakati wa kupokea imeji. Kwenye Windows, fungua CMD (dirisha la kuandikia amri), ingia kwanza kwenye folda `C:\Program Files\Oracle\VirtualBox`, kisha:

`VBoxManage import maabara.ova --vsys 0 --memory 2048 --cpus 2`

Ukiongeza `--dry-run` utaona imeji imebeba nini kabla ya kuipokea. Kwa ile iliyokwisha kupokewa, izime kabisa, kisha:

`VBoxManage modifyvm maabara --memory 2048 --vram 16`

Ikikataa ilhali unaona haijawaka, kuna mwanafunzi aliyeifunga kwa kuhifadhi hali yake badala ya kuizima. Kilichokuwa kwenye RAM kimeandikwa kwenye diski, na kiasi hakibadiliki mpaka uiwashe na kuizima vizuri, au uifute hali hiyo kwa `VBoxManage discardstate maabara`, jambo linalopoteza kazi iliyokuwa wazi. Faili hizo pia hujaza diski kimyakimya.

Wanaotumia KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux, wajihadhari na vipimo. VBoxManage huhesabu kwa MB, lakini `virsh setmem` bila herufi ya kipimo huhesabu kwa KiB. Ukiandika 2048 umeipa mashine MB 2. Andika `virsh setmaxmem maabara 2G --config`, kisha `virsh setmem maabara 2G --config`.

RAM ikipungua mno, dalili ya kawaida ni MySQL au Java kufa bila kuaga. Thibitisha kwa `journalctl -k | grep -i "out of memory"`. Keneli, kiini cha Linux, huiua programu na kuandika jina lake. Kumbuka pia kwamba Java, usipoiambia vingine, hujiwekea kikomo cha robo ya RAM iliyopo. Kwenye GB 1 hiyo ni MB 256, na programu ya mwanafunzi inaweza kuanguka hata kama haina kosa. Weka kikomo hicho mwenyewe kwa `-Xmx`, au ongeza RAM ya imeji ya somo hilo peke yake. Ama Android Studio ndani ya mashine pepe kwenye GB 8, hilo usilijaribu.

Si kila uzito ni wa RAM. Ukiona kobe wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox, Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, imeshika prosesa, na kuongeza RAM hakutasaidia. Fungua CMD kama msimamizi, andika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, kisha washa upya. Na mifumo ya biti 64 isipoonekana kwenye orodha, ingia BIOS uwashe VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, au AMD-V kwa prosesa za AMD.

Ndani ya imeji, sakinisha `zram-tools` na kwenye `/etc/default/zramswap` weka `PERCENT=50`. Kurasa zitabanwa kwenye RAM kabla ya kusukumwa kwenye diski, na kwa GB 1 tofauti inaonekana wazi.

Limebaki suala la umeme. Linux haiandiki data kwenye diski papo hapo. Data iliyobadilika inaweza kukaa kwenye RAM kama sekunde 30. Mashine pepe yenye RAM kubwa inaruhusiwa kulimbikiza data nyingi zaidi, kwa kuwa kikomo chake ni asilimia ya RAM. Umeme ukikatika kabla jenereta haijashika, na kompyuta hazina UPS, yote hayo yamekwenda. Tengeneza faili `/etc/sysctl.d/99-maabara.conf` lenye mistari hii:

`vm.dirty_background_bytes=16777216`
`vm.dirty_expire_centisecs=500`

Hapo muda unashuka hadi kati ya sekunde 5 na 10 hivi. Diski itafanya kazi zaidi kidogo, na kwa maabara hilo linavumilika. Baada ya hapo zima mashine, chukua snapshoti (nakala ya hali yake ya wakati huo) kwa `VBoxManage snapshot maabara take safi`, na kila darasa lipewe nakala yake:

`VBoxManage clonevm maabara --snapshot safi --options link --name zoezi1 --register`

Nakala ya namna hii hutumia diski ya imeji mama na kuhifadhi mabadiliko tu. Ikiharibika, unaifuta na kutoa nyingine kwa dakika chache, RAM ikiwa ile ile uliyoipima.