Bushi za ekseli ya nyuma na boliti ya mwisho

Ukiuliza mafundi kipi kigumu katika kubadilisha bushi za ekseli ya nyuma, yaani viungio vya raba vinavyoishika ekseli kwenye bodi ya gari, wengi watakwambia ni kuitoa ile ya zamani. Ni kweli inachosha, ila si hiyo inayoua bushi mpya. Inayoiua ni boliti kukazwa gari likiwa bado juu ya stendi, magurudumu yananing'inia.

Bushi ya Toyota Vitz, au ya Toyota Fielder isiyovuta magurudumu yote manne, ni raba iliyogandishwa kiwandani kati ya bomba mbili za chuma. La ndani linabanwa na boliti kwenye bodi, la nje limekaza ndani ya sikio la ekseli, yaani tundu la duara kwenye ncha yake. Hakuna kinachoteleza. Ekseli ikipanda na kushuka, raba inajisokota kama nguo inayokamuliwa, kisha inarudi. Ukikaza ekseli ikiwa chini kabisa, gari likishushwa tu raba imeshasokoteka. Kila tuta linaiongezea, na haichukui muda inachanika. Mwenye gari analaumu spea feki.

Kwa hiyo naona kazi inaanza na futi. Gari likiwa kwenye sakafu tambarare, bila mzigo, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa fenda juu yake, kulia na kushoto, uandike. Namba hizo utazihitaji mwishoni.

Weka kabari magurudumu ya mbele, stendi ziwe chini ya bodi, si chini ya ekseli, kisha vua magurudumu ya nyuma. Ekseli ishikwe na jeki ya pili, fungua boliti za chini za shokapu, ishushe taratibu utoe springi. Chomoa paipu za breki, waya wa ABS (breki zinazozuia magurudumu yasigande) na kebo za handibreki kwenye vibanio vyake kabla ekseli haijashuka zaidi, maana paipu ikivutwa inaweza kupasuka kwa ndani usione kitu. Boliti za bushi zilowekwe mafuta ya kutu tangu jana yake. Boliti ikigoma, irudishe nyuma na mbele kidogo kidogo. Nati mara nyingi imechomelewa kwenye bodi, na ikikatikia humo umejitafutia kazi ya siku nzima.

Kabla ya kuing'oa ya zamani, chora alama kwenye sikio la ekseli. Bushi hizi zina matundu mawili kwenye raba, na yanapoelekea ndiko ekseli inakoruhusiwa kulegea. Ukiipachika imegeuka, gari litayumba kwenye kona hata kama kila kitu ni kipya. Pima pia imechomoza milimita ngapi kila upande.

Usiichome moto, tenki la mafuta liko jirani. Toboa raba kwa drili, sukuma bomba la ndani litoke, pitisha msumeno wa chuma ukate bomba la nje kwa urefu. Ukikaribia sikio punguza nguvu, kwani mkwaruzo mzito ndani ya sikio ndiko ufa unakoanzia. Malizia kwa tindo, ganda litajikunja lenyewe.

Kuingiza mpya kunataka fimbo ya chuma yenye uzi kama wa boliti, inayopita kwenye bomba la ndani, washa nene (kisahani cha chuma chenye tundu), na kipande cha bomba la chuma upande wa pili. Fimbo iwe ya daraja la uimara 8.8 kwenda juu. Ile laini ya kuning'inizia dari uzi wake unakwisha katikati ya kazi. Washa isukume ukingo wa chuma, isiguse raba. Kilainishi ni maji ya sabuni. Grisi ya kawaida na oili ya injini vinaila raba polepole.

Rudisha ekseli, springi na shokapu, boliti zote ziwe za kushika tu. Sasa nyanyua ekseli kwa jeki, upande mmoja kisha mwingine, chini ya kikalio cha springi, mpaka kipimo cha fenda kifikie namba uliyoandika. Bodi ikianza kuachana na stendi kabla ya hapo, acha. Funga magurudumu, shusha gari kwenye mbao nene upate nafasi ya kuingia chini, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha modeli yako. Nati za magurudumu ya Toyota hizi hukazwa kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Boliti za shokapu nazo zina bushi za raba, kwa hiyo zikazwe hapo hapo.