Tope Hupita Usiku

Njia iliyozoeleka ya kuchunguza Mto Nairobi ni kufika ukingoni asubuhi, kuchota maji kwenye chupa na kuyapeleka maabara. Kwa kutafuta vijidudu na kemikali, chupa hiyo haina mbadala. Kwa uangavu wa maji, hata hivyo, haitoshi, kwani mvua ya masika haichagui saa, na inaponyesha usiku, sehemu kubwa ya tope huwa imeshateremka kuelekea Mto Athi kabla ya mchotaji kuamka.

Ndiyo maana natetea vihisi, yaani vifaa vya kupimia uangavu, vinavyokaa majini muda wote na kuhifadhi vipimo vyenyewe, kwa mfano kila baada ya dakika 15. Kihisi cha namna hii hutoa mwanga usioonekana kwa macho, wa mawimbi ya takriban nanomita 860, huku kipokezi kilichowekwa kwa pembe ya nyuzi 90 kikipima kiasi kinachotawanywa na chembe. Mwanga huo huchaguliwa kwa sababu rangi ya maji yenyewe, kama ile ya majani yaliyooza, haiathiri sana hesabu.

Mchoro wa vipimo vya tope vya usiku wa mvua una umbo lake. Mstari hupanda ghafla, mara nyingi kabla ya kina cha mto kufika kileleni, kwa kuwa maji ya kwanza ndiyo yanayokomba vumbi la barabarani na uchafu uliolala mitaroni. Kisha hushuka polepole. Ukiona mstari unaopanda kidogo kidogo siku baada ya siku, ilhali hakuna mvua, usikimbilie kumlaumu mtu wa upande wa juu wa mto. Toa kifaa, tazama kioo chake: utakuta utando wa ute, unaoteleza kidoleni, na katika mto unaopokea maji taka utando huo huota upesi mno. Ukiufuta, mstari huporomoka papo hapo. Wakati mwingine ni mfuko wa plastiki tu uliojizungusha kwenye kifaa. Vipo vihisi vyenye kifutio cha mota na kinga ya shaba, na vinasaidia kweli, lakini kwa maoni yangu fedha za kumlipa mtu wa kusafisha zitengwe kabla ya kununua kihisi cha pili.

Jambo hili linagusa mifereji ya nyumbani pia. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, na udongo wa mashamba ya miteremko huingia katika mito ya huko. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji yawe chini ya NTU 1 (NTU ni kizio cha utibukaji wa maji) kabla ya kutiwa klorini, kwani chembe huwakinga vijidudu dhidi ya dawa. Kipimo cha shabu, dawa ya kugandisha tope, hutegemea jinsi maji yalivyotibuka, kwa hiyo kihisi kilichowekwa upande wa juu wa mto humpa mhudumu wa mtambo wa kusafisha maji nafasi ya kujiandaa kabla tope halijamfikia.

Ombi langu kwa wanaochapisha vipimo vya mito yetu ni hili: kando ya kila mchoro, waandike tarehe na saa ambayo kioo kilifutwa mara ya mwisho.