Sato wa Kwenda Jambiani

Desemba 2022 nilipeleka samaki Unguja. Najua inavyosikika. Hata dereva wa teksi aliyetupeleka uwanja wa ndege wa Mwanza alipouliza lile boksi lina nini, na mama akamjibu, alinitazama kwenye kioo, akarudisha macho barabarani, na hakusema neno mpaka tulipopita Pasiansi.

Chanzo ni baba. Alikuwa anatimiza miaka 70, na sisi watoto wanne tukachanga tukakodi nyumba Jambiani, huko Unguja, kwa siku saba. Nyumba nzima, yenye jiko na sufuria zake, maana tulikuwa watu kumi na mmoja na hoteli ingetumaliza. Mama aliposikia habari ya jiko aliuliza swali moja tu: "Na huyu atakula nini?"

Baba ni mtu wa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria. Kwake samaki ni sato, basi. Wa baharini aliwahi kumla mara moja Dar kabla sisi hatujazaliwa, na hajamsamehe mpaka leo. Nilijaribu kumwambia mama kwamba huyo sato naye ni mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950 kama sangara, na kwamba babu alikuwa anakula ngege, yule wa asili ya ziwa. Akanijibu kwamba babu hakuwa anakwenda Zanzibar.

Siku nne kabla ya safari tulikuwa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, alfajiri, mama na kanga yake kichwani, mimi na ndoo. Alinunua sato 22, wote wa kujaza sahani. Tuna jirani aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha minofu, na bila yeye hadithi hii ingekuwa fupi na yenye harufu. Alikuja jioni akakuta mama ameshika kisu anataka kuwachanja mbavuni kama anavyofanya siku zote kabla ya kukaanga. "Dada, usimchanje! Ukimchanja, akiyeyuka maji yote ya mwilini yanatokea hapo, unabaki na nyuzi." Basi tukaparua magamba, tukatoa matumbo na matamvua, tukawaosha mpaka maji yakatoka meupe, tukawafuta kwa kitambaa. Akatuambia tuwalaze kwenye friza mmoja mmoja juu ya sinia, wasigusane. Ukiwarundika wakiwa wabichi wanashikana, na wale wa katikati wanachukua siku mbili kuganda huku wanaharibika taratibu.

Kesho yake akarudi na jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimtoa sato aliyekwisha kuwa gogo, akamchovya kwenye beseni la maji ya barafu, akamtoa, akamchovya tena, akamrudisha frizani. Baada ya nusu saa yule samaki alikuwa amevaa kioo. Ganda jembamba, linang'aa, limemfunika hadi mkiani. Viwandani ndivyo wanavyofanya, alisema, ili upepo wa friza usimkaushe nyama. Mama alifurahi mno, akawavisha wote 22, kila mmoja mara tatu.

Ugomvi ulikuja kwenye kufungasha. Mama ana hazina yake ya mifuko ya plastiki ya zamani, imekunjwa pembetatu, iko nyuma ya debe la unga. Nikamkumbusha kwamba mifuko hiyo ilipigwa marufuku Bara tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar walikwishatangulia miaka mingi, kwa hiyo tutaaibika uwanja wa ndege mbele za watu. Alininunia kidogo, kisha akaleta magazeti. Kila sato akavingirishwa gazeti kurasa nne. Niwaambie ukweli, gazeti ni bora kuliko mfuko: lina hewa kati ya karatasi na karatasi, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi.

Barafu kavu, ile ya gesi ya kabonidioksidi iliyogandishwa, niliisoma tu. Mashirika ya ndege huruhusu kilo 2.5 kwa abiria, kwa idhini yao, na chombo lazima kiwe na tundu la kutolea gesi. Sikumpata wa kuniuzia. Tukatumia chupa za maji za nusu lita, kumi na mbili, tulizotia maji ya chumvi. Maji ya chumvi huganda baridi zaidi ya maji matupu, kwa hiyo hata yakianza kuyeyuka yenyewe bado yako chini ya sifuri. Tukaziacha pengo juu zisipasuke. Chupa chini, samaki katikati, chupa pembeni na juu, na kila uwazi ukashindiliwa magazeti. Boksi lilikuwa lile jeupe jepesi la samaki, ambalo ukilikwaruza kwa ukucha meno yanakufa ganzi. Selotepu pana ya kahawia, raundi saba. Saa kumi alfajiri tulilitoa kwenye friza.

Kwenye mizani, kilo 24.8. Kikomo 23.

"Samaki wa kwenda Zanzibar?" aliuliza kijana wa kaunta. Si kwa dharau. Alitaka tu kuhakikisha amesikia.

"Ndiyo, baba."

"Barafu imo, mama? Maana ikiyeyuka inalowesha mizigo ya watu."

Mama akamweleza habari ya chupa, akaridhika. Lakini kilo hazikuridhika. Nilimwambia mama tuwatoe sato watatu, tumpe dereva, bado hajaondoka. Alinitazama kama nimemwambia tumwache mjukuu. Akachuchumaa pale pale kwenye foleni, akaomba kisu, akanyimwa, akachana selotepu kwa funguo, akatoa chupa nne. Samaki wote 22 wakaenda. Watu nyuma yetu walikuwa wanahesabu kwa sauti.

Dar tulifika saa mbili na nusu. Ndege ya Unguja ilikuwa ya shirika jingine, tiketi mbalimbali, hivyo tulichukua mizigo yetu tusubiri saa tano. Saa tano ikawa saa saba. Saa saba wakatangaza saa tisa. Tuliondoka saa kumi jioni kwenda safari ya dakika ishirini. Boti ya saa sita ingekuwa imetufikisha na kurudi, kaka yangu alisema, na alisema mara nne. Joto la Dar la Desemba mnalijua. Mama alikaa karibu na boksi, na kila baada ya muda anaweka kiganja juu ya kifuniko, halafu chini kwenye kona, kama anayempima mtoto homa. Mimi nilichofikiria ni zile chupa nne alizoacha Mwanza kwenye pipa la taka, na sikuzitaja. Nilitaka sana kuzitaja.

Jambiani tulifika saa kumi na mbili, jua linakwenda. Saa kumi na nne tangu friza. Maji yalikuwa yametoka, bahari iko mbali kabisa, wanawake wanarudi kutoka kwenye mwani. Hakuna aliyeangalia. Tulikuwa jikoni, watu wanane tumezunguka boksi. Mama akafungua. Magazeti ya juu yalikuwa yamelowa, wa pembeni mikia yao inakubali kupinda. Akaingiza mkono katikati, akatoa wawili, akawagonganisha. Ko, ko. Kama mbao. Shemeji yangu alipiga makofi.

Ndipo tukafungua friji ya ile nyumba.

Ilikuwa friji nzuri, ya kisasa, na juu yake ina kijumba cha kugandishia ambacho kilimeza sato wanne na trei ya barafu. Kwenye tangazo tuliona neno "friza", tukafurahi. Hakuna aliyeuliza friza kiasi gani. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavua viatu.

Aliyetuokoa ni msimamizi wa nyumba. Alikuja kuuliza kama tumepata maji, akaona samaki mezani, akashika mdomo. "Samaki? Mmekuja nao huku kwetu?" Alicheka mpaka akaegemea mlango, kisha akatupeleka nyumba ya tatu, kwa bibi mmoja anayeuza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa skuli. Ana friza refu la kulala. Akasogeza barafu zake upande mmoja, akamshika sato wetu, akamgeuza.

"Hawa ndo wa maji baridi?"

"Ndio hao, bibi."

"Baridi kweli," akasema.

Usiku ule mtoto wa kaka alitoa chupa kwenye friji akidhani ni maji. Alikunywa kwa pupa ya mtoto aliyeshinda uwanja wa ndege. Kelele zake zilisikika mpaka ufukweni.

Siku ya pili baba alikula sato wa kuchemsha na nyanya, akasema vizuri. Siku ya tatu yule bibi alituma bakuli: changu wa kupaka, nazi imeshika ukingoni rangi ya dhahabu. Baba alionja kwa adabu. Akaonja tena. Akauliza huyu anaitwa nani. Kuanzia siku ya nne, ikifika saa saba alikuwa hapatikani. Yuko barazani kwa bibi, kikoi kiunoni, anakula pweza. Mama hakusema kitu. Bibi naye alipika sato wetu kwa tui, akamletea mama aonje. Mama aliniambia pembeni kwamba amemharibu, kisha akamaliza bakuli.

Sato waliobaki walikuwa tisa, tukamwachia. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mama uani. Alikuwa ameanika magazeti ya Mwanza kwenye kamba, kila ukurasa na kibanio chake, yamekauka na kujikunja. Ndani bibi alikuwa anatoa pweza wawili frizani, wagumu kama mawe. "Akilala humu hulainika," alimwambia mama, "huna haja ya kumpiga."

Uwanja wa ndege, kilo 14. Yule dada wa kaunta aliuliza kuna nini ndani.

"Pweza," mama akasema. "Wa kwenda Mwanza."

Baba alikuwa ametupa mgongo, anasoma tangazo la mizigo ya hatari ukutani.